Hatua Kumi na Nane Hadi Meza ya Upasuaji

Mgeni rasmi, sisi wahudumu wa dharura za watoto tunakukaribisha kwa furaha. Viti ni vichache kwa sababu vingine vinatumika wodini. Mgonjwa hangojei sherehe.

Tulikotoka

Tulianza miaka tisa iliyopita kwa vitanda viwili na vifaa vya watu wazima. Majeraha yanayopenya shingoni ni machache, pengine manne kwa mwaka, lakini hayasamehe. Shingo ya mtoto ni fupi: njia ya hewa, koo na mishipa mikubwa ya damu vimebanana katika upana wa vidole vitatu.

Tunakiri kosa letu. Zamani, kwa mazoea, kila mtoto aliyeumia shingo tulimvisha kola ngumu ya kuzuia shingo isigeuke. Mwaka wa tatu, kola ilificha uvimbe uliokuwa ukikua. Tulishtuka sauti ya mtoto ilipoanza kukwaruza. Alipona. Tangu siku hiyo jeraha la namna hii tunalitazama, hatulifuniki. Kola huvishwa tu zikiwapo dalili za kuumia uti wa mgongo.

Mafanikio

Mwezi uliopita, binti wa miaka sita wa fundi cherehani alianguka na mkasi, ukamwingia shingoni. Mama alipiga simu: "Dada, nauchomoa!"

"Usiuguse, mama!" muuguzi wa zamu alimjibu. "Uache hapo hapo, mshike mikono, njooni."

Walipofika, mtoto aligoma kulala kitandani. Daktari mgeni alipotaka kumlaza, muuguzi mkuu alimzuia: "Mwache, mwanangu. Anapumua vizuri akiwa amekaa. Wewe unataka kumfundisha nini?"

Damu ilianza kuvuja kandokando ya mkasi. Muuguzi alikandamiza, tukavuka korido hadi chumba chetu kidogo cha upasuaji: hatua kumi na nane, chini ya dakika moja. Mkasi ulitolewa mezani, mbele ya macho ya mpasuaji. Siku ya tisa binti alirudi kwao. Mama yake analalamika kwamba tumemrudishia "na mdomo wake wote".

Tangu mwaka ule wa tatu tumepokea watoto ishirini na wawili wa aina hii. Ishirini na mmoja wako hai. Mmoja alifika kisu kikiwa kimeshachomolewa nyumbani.

Changamoto

Jengo jipya ni zuri, nasi tunashukuru. Ila ramani inahamishia upasuaji wote ghorofa ya tatu. Tulipima kwa machela tupu: dakika kumi na moja, lifti ikiwa haina foleni.

Ombi

Mirija ya hewa ya watoto tuliyoiomba imefika, ahsante. Leo tuna ombi moja tu. Chumba kile kidogo cha upasuaji ng'ambo ya korido, kilichopangwa kuwa stoo ya mafaili, kibaki na meza yake, taa zake na mpasuaji wake.

Kabla hujakata utepe, tunakuomba upande nasi hadi ghorofa ya tatu, saa mkononi. Mchukua wagonjwa wetu, tunayemwita Breki, ameshaandaa machela. Ameahidi kwamba kwenye kona atakwenda taratibu.

Mungu akupe afya, awalinde watoto wako na wa wenzako, na aubariki uamuzi wako.

Ni sisi,
Wahudumu wa Kitengo cha Dharura cha Watoto