Gundi Ataka Kuona Mguu Ukitembea

Benchi letu liko mkabala na karakana ya hospitali, pale wanapotengeneza miguu ya bandia. Kahawa ni ya Mama Birika, ubishi ni wetu wenyewe. Asubuhi hiyo Gundi, fundi wa miguu hiyo, alifika na fulana mpya imeandikwa "Mfanyakazi Bora". Ni kama ile ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Akaiweka kwenye benchi, akaikalia.

— Naacha kazi.

Kinyozi wetu, tunayemwita Wakili, akashusha kikombe.

— Sawa kabisa. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo acha leo leo.

— Usiache, akasema Spana, fundi baiskeli. Ugua. Ugua mpaka wakukumbuke.

— Bora ufe kidogo, Wakili akaendelea. Bosi akianza kukusifu msibani, unainuka unamwambia: hapo rudia.

— Chanda chema huvikwa pete, Spana akasema.

— Huyu anatengeneza miguu. Pete aivae wapi?

Mama Birika akamgeukia Gundi.

— Mdogo wangu, wewe hasa unataka nini?

Gundi akaichomoa fulana aliyoikalia, akaikunja.

— Dada, nachonga mguu, nausugua, unachukuliwa unapelekwa ghorofani. Sijawahi kumwona hata mtu mmoja akisimama nao. Nataka niwepo anaposimama.

— Bosi wako anajua?

— Atajulia wapi?

— Basi kamwambie. Mdomo ni wako, huukodi.

Gundi akanywa kahawa yake, akavuka barabara, fulana kwapani.

Siku chache baadaye alirudi kijiweni uso unang'aa, hata kukaa hakutaka.

— Nilimwambia mkuu, fulana nashukuru, ila nguo ninazo. Nikamweleza ninachotaka. Akasema, "Miaka yote hii ulikuwa unanyamaza?" Leo kaniita juu mwenyewe. Kulikuwa na mwalimu mmoja, mwanamke, kashikilia vyuma viwili vya kujifunzia kutembea. Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Akaenda mpaka dirishani. Mkuu akamwambia, "Aliyeutengeneza ni huyu." Mwalimu akageuka, akanifuata pale niliposimama. Kwa miguu yake.

— Ukalia, Wakili akasema.

— Lilikuwa jasho.

— La machoni.

— Kuanzia leo, kila mguu ukivaliwa naitwa. Na nimeona goti linapobana. Kesho nalirekebisha.

— Si nilimshauri mimi? akasema Wakili.

— Wewe? Mimi, akasema Spana.

Walikuwa bado wanagombania sifa mwanamke mmoja alipotoka getini kwa hatua za taratibu, gongo mkononi. Gundi akanyooka wima. Tukasogea wote kumpisha.

— Karibu mwalimu, akasema Mama Birika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akakaa, akapokea kahawa, akatutazama mmoja mmoja.

— Fundi ameniambia hapa kuna mtu alimshauri aache kazi. Ni nani huyo?

Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake. Spana akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Gundi hata swali hakulisikia. Alikuwa anautazama ule mguu wa kushoto, ulivyokanyaga chini na kutulia.