Uso wa Diwani na Mwamba wa Zablon

Benchi la Osman lilikaa nje ya duka lake la vitambaa pale Oyugis, mguu mmoja umeegemezwa kwa kipande cha tofali. Tangu nistaafu kazi ya kuandika vizazi na vifo, nafasi yangu ilikuwa mwishoni, karibu na birika la kahawa, na wenzangu waliniita Rejista. Asubuhi moja ya mwaka 1994 nilimkuta Zablon amekaa katikati, hajagusa kikombe chake. Ubavuni mwake alikuwa Fanuel, mtu wa mkono wa kulia wa diwani, na kalenda ya picha za Amerika magotini. Diwani alitaka uso wake uchongwe kwenye mwamba mkubwa ulio shambani kwa Zablon, njia ya Kosele, kama marais wanne walivyochongwa kwenye Mlima Rushmore. Fomu ilikuwa tayari. Zablon angetia kidole gumba, mwamba ungekuwa wa diwani.

— Mzee Zablon, si unaona mwenyewe? alisema Fanuel. Watalii watakuja na mabasi. Barabara itafika mpaka mlangoni kwako.

— Barabara kweli? Mvua ikinyesha, mgonjwa tunambeba na kitanda mpaka stage ya matatu.

— Ya lami!

Cephas alisogea. Yeye hutengeneza redio, naye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Omera, ndugu yangu, hiyo vichwa najua habari yake. Ilikuwa adhabu. Hao wanne walikataa kutoka ofisini, wakageuzwa mawe.

— George Washington alitoka mwenyewe, baada ya vipindi viwili, nilisema.

— Ndiyo maana wamemweka mbele, wengine wajifunze!

— Na mbona hawana mwili? aliuliza Osman akimimina kahawa.

— Amerika si wajinga, Osman. Kiongozi hana tumbo, atakula aweke wapi? Ndiyo nchi imeendelea.

— Diwani atachongwa na tumbo, alisema Fanuel kwa hasira.

— Basi mwamba hautatosha, alisema Redio.

Hata Zablon alicheka kidogo. Fanuel alifunua ukurasa mwingine haraka, akatuonyesha sanamu ya mama mwenye mwenge kule New York.

— Na huyu je? Dunia nzima inakuja kumwona.

— Huyo ni binti ya Wafaransa, Redio alidakia.

— Aliletwa kwa meli, vipande vipande, ndani ya makasha, nilisema. Mwaka 1885.

— Umesikia, mzee jaduong'? Ameolewa ndani ya makasha, bila ng'ombe hata mmoja! Mpaka leo amesimama kwa maji, taa juu, anamulika aone kama ng'ombe wanakuja.

— Mahari ya Mfaransa ni mbuzi, alisema Osman.

— Wewe ulimwoa Mfaransa lini? Redio alimuuliza.

Fanuel aligonga kalenda.

— Mzee, achana na hawa. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa.

— Jiwe halielei, Fanuel, nilimwambia.

— Litaelea diwani akisema.

Zablon alinigeukia.

— Rejista, wewe umesoma kwa wazungu. Hiyo kazi walifanya na nini?

— Baruti, hasa. Kisha patasi. Miaka kumi na minne. Kichwa cha Jefferson kilianzwa upande wa kulia wa Washington, mwamba ukaonekana haufai, wakakilipua na kuanza upya upande wa pili.

— Rais mzima walimlipua? Redio alishika kichwa chake.

— Kwangu mwamba una ufa, Zablon alisema polepole. Kenge analala humo.

— Basi ufa utapita kwa pua ya diwani, alisema Redio, na kenge atakuwa anatoka akipigiwa saluti.

Fanuel hakungoja zaidi. Alitoa kibweta cha wino, akashika gumba la Zablon, akaligandamiza humo.

— Hata jina walipata bure, alisema. Rejista, sema ukweli. Huo mlima uliitwa Rushmore kwa nini?

— Charles Rushmore, wakili wa New York, alipita hapo mwaka huo huo wa 1885. Akauliza jina la mlima. Aliofuatana nao wakamwambia hauna, wakaupa lake.

— Unaona, mzee? Haukuwa na jina, haukuwa na mwenyewe. Mwamba bila jina ni kokoto. Weka kidole.

Zablon alilisogeza gumba jeusi kuelekea kwenye fomu. Ndipo mkewe, Susana, alipofika na beseni la omena, dagaa wabichi wa ziwani, kichwani. Osman alimsaidia kulitua. Alitusalimu wote, akatazama wino, kisha kalenda.

— Wuon Byron, alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, ni nini hii?

Zablon alimweleza yote, kuanzia barabara hadi baruti. Susana alirudisha ukurasa wa vichwa, akainama juu ya picha.

— Hapa si kulikuwa na watu?

— Walakota, nilijibu. Wahindi Wekundu wa sehemu hizo.

— Sasa hao Walakota, baada ya baruti, walienda kuanika wapi?

Ninayajua majina ya marais wale wanne, la mchongaji, la wakili. Walikoanika sikuwahi kusoma.

— Mama, hao hawali omena, alisema Fanuel.

— Sijauliza wanakula nini. Mimi na wake za shemeji zangu tunaanika pale mwambani. Mtama ni pale, muhogo ni pale. Jua likitoka saa hii nahitaji jiwe. Wao walienda wapi?

— Hilo... hilo nitamuuliza diwani.

— Muulize, alisema Zablon.

Alimrudishia Fanuel fomu, safi kama ilivyokuja. Kisha akavuta kalenda karibu, akafuta gumba lake kwenye paji la uso la George Washington, mara mbili, mpaka wino ukaisha. Akainuka, akamtwika mkewe beseni, wakashika njia ya Kosele kabla mawingu hayajakusanyika.