Picha Mbili za Kichwa cha Papa Philémon

Ndugu, majirani, nanyi wanajeshi mliovua kofia hapa uani, jamaa imenituma niwasomee maisha ya mjomba wetu, Papa Philémon Tshimanga, na inawaomba mnivumilie, kwa kuwa kuna mahali maneno yatakuwa marefu.

Papa Philémon alizaliwa Luena tarehe 14 Juni 1958, mtoto wa pili wa Papa Kayembe, mchimba makaa ya mawe, na Mama Tshiala, wote wa Kasai, akasoma shule ya msingi hapo Luena, akaiacha sekondari mwaka wa tatu baba alipofariki, kisha akajifunza kunyoa. Mwaka 1981 alifungua kiti chake Base ya Kamina, kambi ya jeshi, akanyoa makuruta na makolonel kwa uangalifu uleule, akipenda kusema kwamba mbele ya wembe hakuna cheo.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na Mama Ngalula, wakajaliwa Laetitia, mwaka 1987, anayeishi Johannesburg, na Guelord, mwaka 1990, mwalimu hapa Kamina.

Mwaka 2017 mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka hata ukiwa umepumzika, mguu ukawa mzito, uso ukakosa kicheko, wateja wakapungua, kwani askari aliyerudi mzima kutoka vitani hakutaka kujeruhiwa kwenye kiti cha kinyozi. Hapo wazee wa jamaa wakaanza kunong'ona neno tshibawu, maana kwetu Wakasai inasemwa kwamba mke akitoka nje ya ndoa na kunyamaza, balaa humwangukia mume ama watoto, mpaka aungame. Mama Ngalula aliitwa mbele ya kikao, akaambiwa ataje jina la mwanaume, naye akajibu: "Minyi siwezi kuungama zambi yenye sikufanya." Tangu siku ile marehemu alikatazwa kula chakula cha mkono wake, akawa analetewa bukari, yaani ugali, kutoka kwa dada yake, ambaye ni mama yangu, na marehemu kwa woga akatii.

Septemba 2019 alipelekwa Lubumbashi, akapigwa picha ya ubongo kwa skana, na picha ikatoka safi, bila uvimbe, bila damu iliyovuja. Ilikuwa habari ya kufurahia, lakini kaka yake mkubwa, Papa Salomon, aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema: "Mashini imetafuta, haikuona kitu. Basi hii haiko bugonjwa ya munganga wa hospitali." Picha safi ikawa shahidi dhidi ya mke, na hilo lilimuumiza Mama Ngalula kuliko matusi yote.

Machi 2021 Daktari Yav, mtaalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu, alimtembeza marehemu, akakunja viwiko vyake, akamwomba agongeshe vidole, akasema ni Parkinson, akampa vidonge, na ugumu wa mwili ukapungua. Akaeleza kwamba picha ya skana huonyesha kuta za nyumba, haionyeshi kama moto wa jikoni umefifia, maana katika ugonjwa huu chembe za ndani zinazosaidia kuongoza mwendo hufa polepole, na umbo la ubongo hubaki lilelile. Wazee hawakuridhika. Ndipo Laetitia akamwita baba yake Johannesburg, Juni 2022, baba akadungwa dawa ambayo mashine huiona iking'aa ubongoni, na pale ambapo pande mbili zingeng'aa sawa, ule wa kushoto, unaoongoza mkono wa kuume, ulikuwa karibu kuzimika.

Aliporudi aliita kikao kilekile, akaweka picha zote mbili mezani, akaomba bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, vya mkono wa mke wake, akala mbele ya wazee, Mama akimlisha kwa sababu mkono haukufika tena kinywani. Papa Salomon akanawa mikono, akala sahani ileile.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 2025, kwa nimonia, kichwa chake mapajani mwa mkewe.

Aliagiza haya yasomwe wazi, akijua msiba hufufua maneno, na kweli jana yamefufuka. Kwa hiyo jamaa inatamka: Mama Ngalula hakuwa na tshibawu, na ataketi upande wa kichwa cha mume wake, mahali pa mjane, mpaka kaburini. Anayepinga aseme sasa, mchana, mbele ya watu.

Tunamshukuru Daktari Yav na wauguzi, majirani waliotuletea maji na kuni, vinyozi wa Base waliofunga kazi leo, na zaidi ya wote tunamshukuru mjane.

Papa Philémon, uliogopa, ukamkosea, ukasahihisha ungali hai. Sasa pumzika, una amani.