Yule Mwizi wa Mwanzo wa Sinema

Chamgei, watu wa Mungu. Nimesikia akina mama wamejibu. Wanaume bado mnaangalia mguu wangu, na mnaweza kuendelea kuuangalia, maana ndio ushuhuda wenyewe. Nitasimama tu. Nikikaa nitaanza kulia, na nimelia vya kutosha kwa mtu wa umri wangu.

Nimeombwa nisitaje jina la mtu na sitataja. Wengine mtawatambua. Mkiwatambua, mnyamaze.

Mimi nilikuwa kijana wa mbio. Najua, huku kwetu kila mtu ana mbio, mpaka ndama. Lakini mimi, watu wa Kiptere walikuwa wananijua kwa mbio. Nilikuwa pia na rafiki. Tulitahiriwa pamoja, tukakaa nyumba moja ya jando, na nyinyi mnajua mtu wa namna hiyo kwetu ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Shati lake lilikuwa langu. Tulichuma chai shamba kwa shamba, na tukishapeleka majani kituoni siku ya Jumamosi, tunaosha miguu haraka tunaenda Kapsoit kwenye video.

Miaka ile ya tisini ilipokuwa inaanza, kulikuwa na mtu pale mwenye televisheni na jenereta. Alikuwa anasimama kando na fimbo, anatutafsiria maneno ya sinema kwa sauti kubwa, na pale ambapo hajui, anatunga. Kulikuwa na sinema moja tuliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mapenzi, ya wizi, na ya kuchekesha, vyote kwenye chungu kimoja. Huyo mwenye video alitufundisha hata vile sinema hiyo inajengwa. "Mwanzo," alikuwa anasema, "mwanamume na mwanamke lazima wakutane kwa balaa. Katikati uongo unakua, polisi wanakimbia huku na huku, nyinyi mnacheka. Mwisho uongo unapasuka, msichana analia kidogo, halafu harusi. Ukiona hakuna harusi, njoo nikurudishie pesa yako."

Balaa lenyewe lilikuwa hivi. Mwizi ananyakua mkoba wa msichana sokoni. Kijana mmoja, ambaye ndiye staringi, yule asiyekufa, anamkimbiza. Mwizi anaanguka katikati ya vikapu vya kuku. Staringi anarudi na mkoba, mkono wa shati umechanika, anahema, anamwambia msichana, "Dada, angalia vizuri humo ndani. Nafikiri moyo wangu umebaki." Tulikuwa tunapiga makofi mpaka mabati yanalia. Mwishoni tunakuja kujua kwamba staringi na mwizi walipanga. Msichana anakasirika, anasamehe, wanaoana.

Na yule mwizi? Ndugu zangu, nawaambia, sinema nzima hakuna mtu anamuuliza. Staringi akirudi na mkoba, sinema inarudi naye. Mwizi anaachwa kwa kuku. Mimi nimetazama sinema hiyo mara nyingi na sikuwahi kujiuliza aliamkaje pale.

Rafiki yangu alikuwa amependa msichana mmoja, mwalimu wa nasari huko kwa kampuni ya chai. Alikuwa anapita mbele ya shule yake kila jioni bila kupata neno la kusema. Siku moja akaniambia, "Nimepata njia. Wewe utakuwa mwizi."

"Kwa nini mimi?"

"Sasa mimi nikiwa mwizi, ni wewe utaoa?"

Tukacheka tukashika mbavu. Nikamuuliza, na akikuja kujua? Akasema, "Si hata kwa sinema anajua? Na si wanaoana?" Mnaona vile tulikuwa tumesoma. Tulifikiri vile sinema imejengwa ndivyo na Kapsoit imejengwa.

Akaenda nyumbani kwao akafumua uzi wa mkono wa shati lake ili lichanike vizuri. Tukakubaliana kwamba nikishapita wauza kuku, nikifika nyuma ya wauza mahindi, nitapunguza mbio. Hilo ndilo lilikuwa jambo la maana, nipunguze, kwa sababu yeye hakuwa na uwezo wa kunishika.

Siku ya soko ilipofika nikanyakua ule mkoba. Msichana akapiga yowe, "Mwizi! Mwizi!" Hapo ndipo sinema na Kapsoit zilipoachana. Kwa sinema watu wa soko wanasogea kando, wanacheka. Wa kwetu waliweka mizigo chini. Hata mama aliyekuwa ananipimia maharagwe asubuhi aliinuka na kijiti. Na mimi, jameni, mimi niliyekuwa na mbio za kuvuka hadi Ainamoi bila kugeuka, nilifika nyuma ya mahindi nikapunguza. Nilipunguza kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Ningekimbia mbio zangu hakuna mtu pale angenigusa.

Rafiki yangu alinifikia, akachukua mkoba. Waliokuwa nyuma yake hawakuja kwa ajili ya mkoba.

Sitaeleza sana vile nilipigwa, kuna watoto hapa. Nililia nikisema, "Ni mchezo! Tulipanga! Muulizeni huyu!" Watu wakacheka. Hapo kicheko kilikuwepo, sikatai. Mzee mmoja akainua mkono wengine wakatulia kidogo, akamgeukia rafiki yangu, akamuuliza, "Wewe, unamjua huyu?"

Alikuwa ameshika mkoba, shati limechanika vizuri kabisa. Msichana alikuwa ameshafika, amesimama karibu naye, anamwangalia kwa yale macho tuliyokuwa tunayatafuta. Rafiki yangu akaniangalia mimi nilivyokuwa chini. Akasema, "Simjui."

Biblia mnaijua. Lakini hapo jogoo hakuwika. Jogoo wa Kapsoit walikuwa wamefungwa miguu, wanangoja kununuliwa.

Baada ya hilo neno ndipo mguu ulivunjwa. Askari mmoja aliyekuwa amekuja kununua viazi ndiye alinitoa, akanipeleka hospitali. Nililala huko hadi nikasahau harufu ya majani ya chai. Mguu ulipona vile wenyewe ulitaka, ndio huu. Kesi haikuwepo, kwa sababu mwenye mkoba hakuenda kushtaki. Watu waliniambia nimshukuru Mungu. Lakini mtu asiyeshtakiwa hawezi kushinda kesi. Nilirudi nyumbani nikiwa chorindet, mwizi, na hakuna mahali pa kwenda kulifuta jina hilo.

Baba nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwite rafiki yako aje aseme." Nikamtumia neno. Hakuja. Nikatuma tena. Badala yake tulisikia nyimbo ng'ambo ya mto, ni harusi yake. Nikaambiwa kwamba kwenye harusi alisimulia vile alimkimbiza mwizi, na wazee wakamsifu kwa kuoa kwa ushujaa. Baba hakuniuliza tena.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapoumia kuliko mguu. Nina dada mmoja, mdogo wangu. Alikuwa amependana na kijana wa upande wa Bomet, wanapendana kweli, si kwa mchezo. Watu wa kijana wakaja kwa koito, kuomba mke. Mursik, maziwa yetu ya mgando, ilikuwa imeandaliwa kwenye kibuyu. Nyinyi mnajua wazee kwenye koito wanauliza nyumba kabla ya kuuliza ng'ombe. Mzee wao akasema kwa upole, "Tumesikia kuna kijana hapa alishikwa Kapsoit. Ni kweli?"

Nilikuwa kwenye zizi, nimefichwa. Nilingoja baba aseme kitu. Baba aliangalia chini. Wazee wakangoja, wakangoja, halafu nikasikia viti vinasogezwa. Waliondoka bila kuonja maziwa.

Dada yangu aliosha vikombe ambavyo hakuna mtu alikuwa amevitumia. Akavipanga. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Tangu siku hiyo alikuwa akiniletea chakula, anaweka mlangoni, anaenda. Yule kijana wa Bomet alingoja kidogo, wazee wake wakamchagulia mwingine, akaoa.

Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, nilitamani kufa. Kanisani nilikuwa nakaa nje chini ya dirisha, maana sahani ya sadaka ikinifikia mimi, watu wote shingo zinageuka. Niliomba hata sikujua ninaomba nini. Mwaka ukapita, na mwingine, chai inachumwa, inaota, inachumwa, na mimi ni yule yule. Kwa sinema, shida ya staringi inakaa kidogo tu halafu wimbo unaanza. Mimi sikuwa staringi, na wimbo haukuwa unakuja.

Halafu Jumapili moja alasiri, yule mwenye video akapeleka mashine yake kwenye ukumbi wa wafanyakazi huko kwa kampuni. Familia zote zikaja. Yule mwalimu akaja pia, amempakata mtoto. Mume wake alikuwa zamu kiwandani. Haya ninayowaambia ni yeye alinieleza. Anasema alikuwa anacheka na wengine. Akaona mkoba unanyakuliwa, akacheka. Akaona vikapu vya kuku. Akaona mkono wa shati. Halafu yule mwenye video akainua fimbo yake akatafsiri, "Dada, angalia vizuri humo ndani. Nafikiri moyo wangu umebaki." Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa Kapsoit, moja baada ya lingine. Ukumbi mzima unapiga makofi, yeye ameshika mtoto tu. Akakaa mpaka mwisho, akaona kwamba walipanga.

Jioni akamuuliza mume wake. Mume akacheka kwanza. "Ule ulikuwa mchezo tu," akasema.

"Na yule mtu?"

"Kwani alikufa?"

Kesho yake alikuja kwetu, mtoto mgongoni. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Akasimama mbele yangu akasema, "Nilikusikia siku ile. Ulisema mlipanga. Mimi nilicheka pamoja na watu." Akalia, nami nikalia, na sisi wawili hatukuwa tumewahi kusalimiana. Akaniuliza anaweza kufanya nini. Nikamwambia, "Siku watu watakuja tena kumuomba dada yangu, njoo useme." Nilijua ninaomba nini. Nilikuwa ninamwomba aiaibishe nyumba yake. Akakaza kitambaa cha mtoto mgongoni. Akasema, "Niite."

Ilichukua muda, lakini watu wengine walikuja, kutoka mbali. Swali likaulizwa lile lile. Baba akaangalia chini vile vile. Na yule mwalimu, niliyekuwa nimemtumia neno, akaingia pale penye wazee, mahali ambapo mwanamke hasemi, mtoto anavuta kitambaa chake, akasema, "Mkoba ulikuwa wangu. Huyu kijana hakuniibia. Aliyenidanganya ndiye aliyenioa, na huyu alivunjwa mguu akisema ukweli."

Hakuna aliyemkemea. Mzee wa wageni akaniita nitoke kule zizini, akasogea kwenye benchi, akaniambia, "Kaa hapa." Na baba yangu akainua kichwa. Akasema, "Nyumba hii haina mwizi." Akarudia, kwa sauti. Halafu akamimina maziwa mwenyewe, na wakanywa.

Basi namshukuru huyo mama. Bado anaishi na mume wake, na hilo ni lao na Mungu. Namshukuru askari wa viazi ambaye sikuwahi kujua jina lake. Namshukuru baba, ambaye amezeeka, na aliniomba msamaha kabla sijamwomba. Mnaniuliza kama nimemsamehe yule rafiki. Huwa ninamsamehe asubuhi. Jioni mguu ukiuma, naanza upya.

Fundisho langu ni hili. Kila mmoja wetu ana hadithi anayopenda kusimulia, ya vile alioa, vile alipata shamba, vile aliinuka, na humo yeye ndiye staringi. Leo ukienda nyumbani, itazame tena hadithi yako polepole. Angalia kama hakuna mtu uliyemwacha chini sokoni. Kama yuko, usimwombee tu. Nenda kwake.

Na mkisikia yowe la mwizi, wekeni mizigo chini, sawa. Lakini kwanza mwacheni aseme.

Dada yangu hayuko hapa, aliolewa huko mbali, na mtu mwema, ndiyo maana ninathubutu kusema neno hili la mwisho. Siku ya harusi yake, amevaa, watu wanaimba, aliniita kando. Ilikuwa mara ya kwanza aniite tangu vile vikombe. Akaniinamia sikioni akaniuliza, "Yule wa Bomet, unafikiri amesikia ya kwamba wewe si mwizi?"

Nikamwambia amesikia. Sikujua kama amesikia. Dada yangu akafuta uso, akaenda kuolewa.