Fisi Aliyekuja na Gari

Benchi la Sikujua muuza kahawa, Mama Esta, liko njiapanda ya Katoro, na wanaolikalia kila jioni ni watatu: Redio, ambaye hazimiki, Shahidi, ambaye kila jambo alikuwapo, na Baruti, aliyelipua miamba mgodini mpaka sikio moja likafa. Juzi gari la sinema lilirudi na picha ile ile iliyoonyeshwa hapa miaka ya vita: Mabula, mume wa Sikujua, mtu wa nyama na damu, anatembea na fisi wa kuchorwa aliyevaa kofia, anamfundisha kuzika taka. Miaka ile walicheka wakashika mbavu. Sasa Mabula ni marehemu, na kwa watu wanaoamini kwamba atembeaye na fisi ni mchawi, hakuna aliyecheka. Hao watatu wametumwa kwa mjane, nao wamekuja saa ya kahawa, maana haya hawana.

— Mama Esta, usikasirike, alianza Redio akipuliza kikombe. Kijiji kimekaa, kimeamua. Jua la kesho likizama uwe umerudi kwenu Tabora.

— Kwa kosa gani, shemeji?

— Fisi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba gani? Fisi mwenyewe mmoja, tena wa wino.

— Nilimwona mimi, alisema Shahidi. Mabula akisema kaa, anakaa. Fisi anamtii nani kama si aliyemfuga?

Sikujua alilishika dele la kahawa kwa nguvu, asije akampiga nalo mtu. Mabula alimsimulia mwenyewe: kutwa nzima aliongea na fimbo iliyofungwa kitambaa, Mzungu akimwambia tazama hapa, cheka hapa. Fisi alichorwa baadaye, huko Ulaya. Akawaeleza tena, neno kwa neno.

— Fimbo, alisema Redio. Mbona safari hii kanenepa? Zamani mbavu zilionekana. Kala nini?

— Kala ndama wangu, alisema Shahidi.

— Ndama wako ulimuuza mnadani Masumbwe, ukanywea pombe hela yote, alisema Sikujua.

— Mficha uchi hazai, alijibu Shahidi.

— Fisi ni jambo dogo, alinguruma Baruti. Mabula tulimzika, kaburi nilichimba mimi. Juzi anatembea. Huyo ni msukule. Mama Esta kamfungia ndani ya lile gari, anamtuma nchi nzima.

— Namtuma akafanye nini?

Baruti alifikiri.

— Kuzika taka.

Kando yao alikuwa ametua mzigo Mihayo, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Buseresere.

— Mwadila, wazee, alisalimu Kisukuma. Mimi mgeni. Huyo fisi yuko wapi sasa?

— Kaondoka na gari, si ndilo lililomleta.

— Na mwenye gari mlimfanyaje?

— Tulimchinjia mbuzi, alisema Redio kwa fahari.

— Sasa anayetembea na fisi kijiji hadi kijiji ni nani?

Redio alichungulia kikombe chake. Shahidi, safari hii, hakuwa ameona kitu. Baruti alijifanya hakusikia, kwa sikio lile zima.

— Mama Esta, alisema Shahidi, niongezee kahawa kidogo.

Sikujua alimjazia Mihayo kikombe. Iliyobaki akaimwaga vumbini, mbele ya miguu yao, polepole, mpaka tone la mwisho.

— Jua la kesho likizama nitakuwa hapa hapa. Anayetaka kunitoa aje na jina lake, asije na la kijiji.