Jina Lake Nabwile

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mwalimu Mkuu Bi. Chepkosgei, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Ndalu, Bokoli na hapa hapa Kitale, nanyi watahiniwa wa Kidato cha Nne tunaowaaga leo: hamjambo?

Nimepewa nafasi ya kuwasifu washairi wetu. Nitamsifu mmoja, na huyo hakushinda.

Nekoye, simama wakuone. Aliandika shairi juu ya mama yake, Rispah Nabwile, aliyetoka Bokoli akaenda ng'ambo kulea mtoto wa watu ili wake asome. Siku moja Nekoye alipopiga simu, alimsikia mama akimbembeleza mtoto yule kwa wimbo aliombembelezea yeye. Akakata simu, akalia. Nani kati yetu hangelia?

Katika nyumba ile hakuna aliyemwita mama huyo kwa jina. Walimwita Mweusi. Ndivyo shairi linavyokwenda, na kila mstari una jibu lake:

Mweusi, lete maziwa.
Jina lake Nabwile.
Mweusi, mtoto analia.
Jina lake Nabwile.
Mweusi, huumwi, unajifanya.
Jina lake Nabwile.

Alikuwa anaumwa kweli, wazazi wangu. Alinyimwa hospitali kwa sababu mtoto angekosa wa kumbeba. Alirudi Bokoli ndani ya sanduku.

Kwenye tamasha la mashairi la shule, mwamuzi alisema shairi ni zuri, ila jibu linarudiwa mno. Libaki mara moja, mwishoni, ndipo shairi lisonge mbele. Nekoye akaniambia, "Mwalimu, si kwetu mtoto mchanga akilia sana anaitwa majina ya waliokufa, moja moja, mpaka anyamaze? Mama yangu alikufa akilia. Ati nimwite mara moja niache?"

Akakataa kulikata. Wengine wakaenda tamasha la kitaifa, yeye akarudi darasani.

Je, kurudia ni kosa? Waliomwita Mweusi asubuhi, mchana na jioni, mbona hakuna aliyewaambia wamerudia mno? Swali hili limeninyima raha.

Kukhu, wewe uliyemzaa Nabwile, nakuona hapo mbele na kitambaa chako mkononi. Wewe ndiwe uliyemwitia majina alipokuwa mchanga, ulipofika hili la Nabwile akanyamaza, akanyonya, likawa lake. Shairi la mjukuu wako hujawahi kulisikia. Litakuuma, mama. Pole sana.

Leo Nekoye atalisoma lote, bila kupunguza neno. Tatizo ni kwamba hajawahi kulimaliza. Kila akifika alipougua mama, sauti humkatika. Kwa hiyo mwenyekiti, kwa heshima zote, nakuomba usimame. Simameni nyote, tafadhali.

Mimi mmenisikiliza vya kutosha, asanteni sana. Sasa msikilizeni yeye. Na sauti ikimkatika, msimwache peke yake, mwiteni mama yake kwa jina.

Nekoye, anza.