Ugonjwa Uliomlainisha Chuma

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe ndiye mimi, kwa hiyo nanyoa huku nasikia kila upuuzi, na mwingine nauchangia. Jioni hiyo wateja hawakuwepo, birika la kahawa lilikuwa chini ya benchi, na waliokaa ni walewale. Kipaza, muuza miavuli, ambaye sauti yake ndiyo inayoongoza maombi ya mtaa mzima. Maabara, aliyewahi kulinda mlango wa maabara ya hospitali, na tangu hapo anaongea kama aliyekuwa akishika darubini yeye. Na Kesho, fundi viatu. Aliyewahi kumpelekea kiatu anajua jina hilo lilitoka wapi. Nafasi ya nne ilikuwa tupu. Ni ya Chuma, fundi wa kuchomelea, na Chuma alikuwa amelazwa.

Niseme ukweli kuhusu Chuma. Hilo jina hakulipata kazini. Mkono wake ulikuwa mzito, na walioujua uzito wake ni mkewe na watoto. Halafu mwaka huu akageuka. Alimwomba mkewe msamaha mbele za watu, huku analia. Akaanza kuwasuka binti zake nywele, vibaya, lakini kwa subira ambayo hatukuwahi kuiona kwake. Kipaza akasimama kwenye ibada akatangaza kwamba dua zimejibiwa. Sasa kichwa kilikuwa kikimuuma mpaka anaanguka, hospitali wakampiga picha, wakakuta uvimbe kwenye ubongo, nyuma ya paji la uso. Wakasema huo ndio uliombadilisha tabia.

— Kwa hiyo Chuma hakutubu, akasema Maabara. Chuma aliugua tu.

— Chunga mdomo wako, Kipaza akamjibu. Mungu hakosi njia. Kama aliamua kupitia kwenye uvimbe, wewe unamzuia kama nani?

— Basi uvimbe nao tuutafutie kiti ibadani.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Kesho.

— Hiyo nayo inaingiaje hapa?

— Si ulikuwa unakua kidogo kidogo?

Maabara akamwaga elimu yake ya mlangoni. Kwamba mtu ni nyama na umeme mdogo, ukibonyeza hapa anacheka, ukibonyeza pale anauma, na hiyo roho inayosemwa, watu wamepasua vichwa vingi na hakuna aliyeiona. Kipaza akasema hata sauti yake mwenyewe hakuna aliyeiona, ila inaunyima mtaa mzima usingizi. Mimi nikasema nimekinyoa kile kichwa miaka yote na sikuwahi kuhisi kitu, wakanijibu nimenyoa nje. Ikawa zamu ya Kesho.

— Nauliza tu. Kama wema ule ni ugonjwa, basi mwenye afya ni yupi? Yule aliyemvunja binti yake mkono?

— Kisayansi, ndiyo, akasema Maabara. Yule ndiye binadamu mzima. Huruma ni hitilafu, inawapata wachache.

— Na wewe unayemwogesha mama yako kila asubuhi, akasema Kipaza, nenda kapigwe picha.

Maabara akainamia kikombe. Kesho akasema kama ni hivyo, hospitali wautoe huo uvimbe wampandikize mwenye nyumba wake. Tulikuwa bado tunacheka mke wa Chuma alipofika.

Sisi tunamwita shemeji. Tulisogea tumpishe, akakataa kukaa. Kahawa nayo akakataa. Alisema madaktari wanataka jibu asubuhi, wapasue au wasipasue, na mgonjwa ana akili zake timamu lakini hataki kujibu.

— Kaniambia, amua wewe, mama watoto. Mimi nimekuamulia maisha yote, na nimekuamulia vibaya.

Kesho akasema samaki mkunje angali mbichi. Hakuna aliyecheka, na nadhani alijuta. Shemeji akamgeukia Maabara, maana kwake huyo ndiye mtu wa hospitali.

— Wasipoutoa?

— Utammaliza, shemeji. Mwaka hauishi.

— Na wakiutoa?

— Ataishi. Wanasema atarudi vilevile kama zamani.

Maabara aliisikia kauli yake ikiwa imeshamtoka, akafumba macho.

— Zamani yake mnaijua, akasema shemeji. Kelele zilikuwa zinafika mpaka hapa benchini. Sasa nyinyi ni rafiki zake, mnakaa mnazungumza mambo makubwa, nisaidieni hili moja. Unasema ataishi. Ataishi nani?

Alingoja kweli. Alitutazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi nikajifanya nafuta wembe. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie Mungu, daktari au sisi. Kipaza, mtu mwenye aya ya kila msiba, alikuwa anaihesabu miavuli yake. Mwisho shemeji akajitanda mtandio, akasema lazima awahi wodini, kwa sababu siku hizi mumewe anaogopa kulala peke yake. Akaondoka.

Baada ya muda Kipaza akasema tusikae bure, tumwombee. Tukainamisha vichwa. Akamwomba Mungu amguse ndugu yetu, aongoze mikono ya madaktari, amponye kabisa, amrudishe nyumbani kama alivyokuwa. Hapo akajisikia, akamalizia kwa kunong'ona. Ilibaki sisi kuitikia amina. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.